KAZI YA UALIMU NG'AMBO: MWENYE KUKUHITAJI NDIYE ALIPAYE

Kwa mtu wa Kewanja, neno "ng'ambo" si neno geni. Ng'ambo ya kwanza aijuayo ni ile ya Mto Mara: huku ni Nyamongo, katika Wilaya ya Tarime, na kule ni Wilaya ya Serengeti. Mto huo hauvukwi kwa kusikia habari tu. Avukaye huuliza kina cha maji, huuliza habari za mamba, na hutaka kumjua mwenye mtumbwi. Lakini siku hizi imeingia vijijini mwetu ng'ambo nyingine iliyo mbali zaidi. Majina yake ni Dubai, Bangkok, Guangzhou na Seoul. Habari zake huletwa na simu ya mkononi, nazo huwaita vijana wenye vyeti vya ualimu waende wakafundishe huko kwa mshahara mnono, nyumba ya bure na tiketi ya ndege. Yasikitisha kwamba ng'ambo hiyo ya mbali wengi huwa tayari kuivuka pasipo kuuliza hata nusu ya maswali ambayo wangeyauliza ukingoni mwa Mto Mara.

Hatuandiki haya ili kuwakataza vijana kusafiri. Mwalimu ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, naye anayo haki ya kuupeleka ujuzi wake mahali utakapopata thamani. Twaandika ili tuseme jambo moja na kulieleza mpaka lieleweke. Katika kazi ya halali, mwenye kumhitaji mwalimu ndiye alipaye gharama ya kumpata, na ruhusa ya kufanya kazi hutangulia safari. Mambo hayo mawili yakipinduliwa, mwalimu akawa ndiye mlipaji na safari ikatangulia ruhusa, basi ujue kwamba umewekewa mtego.

VIJANA HAWANA KOSA

Wapo watu wazima wasemao kwamba vijana wanaodanganywa wameponzwa na tamaa. Maneno hayo si ya haki. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kwa nafasi 14,648 za ualimu Serikalini walijitokeza waombaji zaidi ya 200,000. Maana yake ni kwamba mbele ya kila nafasi moja walisimama watu kumi na watatu na zaidi. Kijana aliyemaliza chuo akarudi nyumbani, akakaa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu akingojea tangazo, hawezi kulaumiwa akisikiliza wito wa mbali.

Tena Kewanja ina habari yake. Kijiji hiki kimepakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambao ulianza uchimbaji mwaka 2002. Ardhi ya kulima na ya kuchungia imepungua, na fedha za fidia zimepita mikononi mwa baadhi ya watu. Wazazi wengine wameuza ng'ombe ili watoto wasome. Basi mahali wanapokutana kijana msomi asiye na kazi, na mzazi mwenye akiba kidogo au zizi lenye ng'ombe waliosalia, dalali naye hakosi kufika. Kinywani mwake anamtaja mwalimu, lakini macho yake yako zizini.

Hata hivyo, watu wa Nyamongo wanayo elimu moja ambayo dalali huyo hakuitazamia. Wao wanajua kupima. Mnunuzi wa dhahabu hatoi fedha kwa kutazama mng'ao wa jiwe. Jiwe huvunjwa, husagwa, huoshwa, na kile kinachosalia ndicho hutiwa kwenye mizani. Twaomba desturi hiyo hiyo itumike kwa barua ya kazi inayotoka ng'ambo.

TULIYOPATA KUYAONA ZAMANI

Kuandikisha watu kwa kazi ya mbali si jambo jipya katika nchi yetu. Wazee wanakumbuka habari za manamba, yaani watu waliochukuliwa kutoka mikoa ya mbali wakapelekwa kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda shirika lao la kuandikisha watu, lililojulikana kwa jina la SILABU. Jina la manamba lilitokana na namba ambayo mtu alipewa, akaitwa kwayo badala ya jina alilopewa na wazazi wake. Alifanya kazi kwa kipande, na mpaka siku thelathini za kazi zikamilike ndipo alipohesabiwa mshahara. Ilikuwa kazi ya taabu na ya dharau, na vyama vya wafanyakazi vilipambana nayo.

Lakini na tuitazame kwa makini. Manamba hakutozwa nauli ya kwenda shambani. Mwenye shamba ndiye aliyegharimia kumsafirisha, kwa sababu ndiye aliyehitaji mikono yake. Mwalimu wa leo mwenye shahada, auzaye ng'ombe watano ili apelekwe kwa tajiri asiyemjua, amekubali sharti ambalo hata manamba hakuwekewa.

Tena tunao mfano ulio bora. Mwaka 1961, nchi yetu ilipokuwa ikipata Uhuru na shule za sekondari zikiwa na upungufu mkubwa wa walimu, walikuja walimu kutoka Marekani na Uingereza kwa mpango ulioitwa Teachers for East Africa. Walikuja Tanganyika, Kenya na Uganda. Hawakuuza mashamba ya baba zao ili waje. Walikuja kwa makubaliano ya serikali na serikali, wakijua watafundisha wapi na mkataba wao utakwisha lini. Mwalimu wetu aendaye kwao naye hastahili heshima iliyo chini ya hiyo.

VIZA SI KIBALI

Yapo maneno mawili yanayochanganywa, na mchanganyiko huo ndio unaowaangamiza wengi. Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi. Kibali cha kazi ni ruhusa ya kufanya kazi ndani ya nchi hiyo. Mtu aweza kuwa na ya kwanza asiwe nacho cha pili. Mwenye viza ya utalii au ya matembezi haruhusiwi kufundisha darasani, hata kama shule ni ya kweli, na hata kama mkuu wa shule amekuja mwenyewe kumpokea uwanja wa ndege.

Dalali husema: "Nenda kwanza kwa viza ya matembezi, ukifika utabadilishiwa." Twaomba kila mwalimu alisikie neno hilo kama kengele ya hatari. Hata katika nchi ambayo sheria yake inaruhusu kubadilisha, mwenye uwezo wa kubadilisha ni mwajiri, tena akipenda. Asipopenda, siku za matembezi humalizika, na tangu siku hiyo mwalimu ni mkosaji mbele ya sheria ya nchi ile. Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hii. Mfanyakazi asiye na kibali haendi polisi kudai mshahara wake, maana anajua kwamba wa kwanza kukamatwa ni yeye. Haendi kwenye chama cha wafanyakazi, wala kwenye mahakama ya kazi. Tajiri anayajua hayo yote. Basi mshahara ulioahidiwa hukatwa nusu, saa za kazi huongezwa, pasipoti hufungiwa kabatini, na mwalimu hana pa kusemea.

Na tuchukue mifano ya nchi chache. Katika China, mwalimu wa kigeni huingia kwa viza ya aina ya Z. Kabla ya viza hiyo, mwajiri wake hana budi kupata kutoka kwa serikali ya huko hati ya kuarifu kwamba kibali cha kazi kimekubaliwa. Mwalimu akishaingia, huomba kibali cha ukaazi katika muda wa siku 30. Viza ya aina ya L ni ya utalii na ya aina ya M ni ya biashara. Wala hapana hata moja kati ya hizo impayo mtu ruhusa ya kufundisha. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtoza afanyaye kazi bila ruhusa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini kwa siku tano hadi kumi na tano. Tena nchi hiyo, kwa kawaida, hutaka mwalimu wa Kiingereza awe mzawa wa nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya mama.

Korea ya Kusini ina viza iitwayo E-2 kwa walimu wa lugha. Kwa ufundishaji wa Kiingereza, viza hiyo hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini. Tanzania haimo. Kwa hiyo barua imwitayo Mtanzania kwenda kufundisha Kiingereza huko kwa viza hiyo imekwisha kujulikana kuwa ni ya uongo hata kabla ya kuuliza habari za mshahara.

Katika Falme za Kiarabu, sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Mwaka 2024 sheria ya huko iliongezwa makali: mwajiri atumiaye mtu asiye na kibali, au awaletaye watu nchini kisha asiwape kazi, hutozwa faini ya dirham 100,000 hadi 1,000,000. Twaona basi kwamba serikali za huko zenyewe zinakataza yale ambayo dalali huyaita "utaratibu wa kawaida wa Dubai".

Wala tusidhani kwamba masharti haya ni ya nchi za mbali tu. Sirari si mbali na Kewanja. Mwalimu avukaye mpaka huo kwenda kufundisha katika shule ya binafsi upande wa Migori hutakiwa kuwa na kibali cha kazi. Tena hutakiwa kuandikishwa na tume ya walimu ya Kenya, yaani TSC, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2012 haimruhusu asiyeandikishwa kufundisha. Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki, lililoanza mwaka 2010, limeipunguza milima iliyokuwa njiani, lakini halikufuta kibali.

Zaidi ya hayo, hata kibali chenyewe yafaa kisomwe. Katika nchi kadhaa za Ghuba, ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri mmoja aitwaye kafili, na amwachaye kafili bila ruhusa aweza kushtakiwa kuwa mtoro. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Taarifa hiyo ilieleza habari za pasipoti zilizochukuliwa, mishahara isiyolipwa na saa za kazi zisizo na kikomo. Nchi nyingine zimelegeza kamba hiyo; Qatar, kwa mfano, ilibadilisha sheria zake mwaka 2020. Mwalimu na aulize kabla ya kutia sahihi: nikitaka kumwacha mwajiri huyu, sheria ya nchi hii yanitaka nifanye nini?

FEDHA ZAELEKEA WAPI?

Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1997, unasema kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka, ila katika nafasi maalumu zilizoruhusiwa na serikali. Hapa nchini ipo sheria ya mwaka 1999 juu ya huduma za ajira, inayotaka wakala wa ajira aandikishwe kabla ya kufanya kazi hiyo. Basi swali la kwanza kwa dalali ni rahisi: hati yako ya kuandikishwa iko wapi? Swali la pili hulizwa wizara ya kazi, au Huduma za Ajira zijulikanazo kwa kifupi TaESA: je, hati hii mnaitambua? Karatasi yenye mhuri si ushahidi, kwa kuwa mihuri huchongwa mitaani.

Wasomaji wengine watasema: "Lakini hapana safari isiyo na gharama." Ni kweli, nasi twataka kutenganisha. Zipo gharama ambazo mwalimu hulipa kwa haki: pasipoti yake, cheti cha polisi cha kuonyesha kwamba hana hatia, uchunguzi wa afya, na kuthibitishwa kwa vyeti vyake. Gharama hizo zina ofisi zake na viwango vyake vinavyojulikana. Zinazokwenda Serikalini hulipwa kwa namba ya malipo, ile ambayo wananchi huiita kontroli namba, na risiti hutoka. Ada ya viza hulipwa ubalozini au mahali palipotajwa na ubalozi, na kama ipo ada ya kuharakisha, nayo hulipwa hapo hapo. Lakini fedha zinazotakiwa zitumwe kwenye simu ya mtu binafsi, kwa jina la "usajili", "kushika nafasi", "bima" au "kumtuliza afisa", hizo mtumaji azihesabu kuwa zimekwisha kupotea.

Pia pana hila ya upole zaidi. Dalali hasemi ulipe sasa. Asema atakulipia kila kitu, nawe utakatwa katika mshahara. Mtu huona amepata mfadhili, kumbe ametia sahihi deni asilojua ukubwa wake. Shirika la Kazi Duniani limeliweka deni la namna hiyo miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa, pamoja na kunyang'anywa pasipoti na kuzuiliwa mshahara. Mwalimu aliyefungwa kwa deni kabla hajafundisha somo la kwanza hana tena uhuru wa kusema hapana.

MASWALI YA KUPIMIA

Mtu aliyepata barua ya kazi na aanze na shule yenyewe. Asitumie namba ya simu iliyoandikwa katika barua. Aitafute shule kwa njia nyingine, aipigie, na aombe kusema na mkuu wa shule. Aulize kama nafasi hiyo ipo, na kama aliyeandika barua anajulikana hapo. Walaghai wengi hutumia jina la shule ya kweli ambayo haina habari yo yote ya jambo hilo.

Kisha atazame namna alivyopimwa. Shule ya kweli ina wazazi wanaolipa na serikali inayokagua, kwa hiyo hutaka kumjua mwalimu sana. Humhoji uso kwa uso kwa njia ya video, humwomba afundishe somo la mfano, huandika barua kwa mkuu wa shule aliyofanya kazi mwanzo, na hudai vyeti vilivyothibitishwa. Shule isiyouliza ulifundisha wapi, na inayokupa kazi baada ya ujumbe mitatu ya simu, haina haja na ualimu wako.

Tatu, auulize ubalozi wa nchi aendayo, au asome katika tovuti ya serikali ya nchi hiyo: mwalimu wa kigeni huingia kwa viza gani, na raia wa Tanzania aweza kuipata? Uingereza, kwa mfano, huchapisha waziwazi orodha ya waajiri wenye leseni ya kuleta wafanyakazi kutoka nje. Mwajiri asiyekuwamo katika orodha hiyo hana uwezo wa kumwombea mtu viza ya kazi, hata akiapa.

Nne, mkataba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba usio na jina kamili la mwajiri, mahali pa kazi, somo, saa za kufundisha, kiasi cha mshahara na aina ya fedha, nyumba, matibabu, likizo, na mlipaji wa tiketi ya kurudi, huo haujakamilika. Hata ukikamilika, usomwe sambamba na viza. Jina la mwajiri katika mkataba na jina la mwajiri katika hati za viza na kibali sharti yawe mamoja. Yakitofautiana, maana yake ni kwamba umeajiriwa na mmoja na kuombewa ruhusa na mwingine; siku ya mashtaka hakuna hata mmoja wao atakayekukubali.

Mwisho, atazame haraka. Dalali daima ana haraka: ndege ni Jumamosi, nafasi zimebaki mbili, mkubwa anafunga vitabu. Mwajiri wa kweli hujua kwamba kuthibitisha vyeti na kupata kibali huchukua majuma au miezi, naye hungoja. Usiache mbachao kwa msala upitao, hasa kama mbachao ni zizi la wazazi wako.

NG'AMBO YA MTO MOEI

Asidhani mtu kwamba tunakuza mambo. Tangu mwaka 2022 vijana wa Kenya na Uganda, wasomi na wasemao Kiingereza vizuri, walivutwa kwa matangazo ya kazi nzuri katika Thailand. Walishuka Bangkok, wakachukuliwa kwa gari mpaka mji wa mpakani uitwao Mae Sot. Huko wakavushwa Mto Moei, wakajikuta upande wa Myawaddy, katika Myanmar, nchi ambayo haikutajwa katika barua zao. Walifungiwa katika majumba yenye walinzi wenye silaha, wakalazimishwa kuwalaghai watu wa nchi nyingine kwa njia ya kompyuta. Aliyekataa alipigwa, na aliyetaka kuondoka alidaiwa fedha za kujikomboa.

Mwezi Agosti 1923 ulikuwa wakati wa wakoloni. Lakini Agosti tunayoitaja hapa ni ya juzi tu, ya mwaka 2023, ambapo ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa kwa namna hiyo katika Myanmar, na wapatao 100,000 katika Kambodia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu walitolewa katika majumba hayo ya Myawaddy, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Afrika ya Mashariki. Walaghai hao hawakutafuta wajinga. Walitafuta watu wenye elimu, wajuao kuandika na kusema vizuri, na mwalimu ni mtu wa namna hiyo hasa.

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inamhesabu mwenye kuwaandikisha na kuwasafirisha watu kwa hila ili wanyonywe kuwa mhalifu. Na itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inasema wazi kwamba pakitumika hila, kule kukubali kwa aliyedanganywa hakumwokoi aliyemdanganya. Basi aliyerudi kutoka katika mateso hayo asijione kwamba ameshiriki katika kosa. Na aende akatoe habari.

MLANGO WA HALALI UPO

Tungekuwa tumefanya nusu ya kazi kama tungetaja mitego tukanyamaza juu ya njia iliyo wazi. Mtanzania anacho kitu ambacho dunia inakitaka, nacho ni Kiswahili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Nchi za SADC zilikikubali kuwa lugha yao rasmi ya nne mwezi Agosti 2019, mkutano ukiwa Dar es Salaam. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Afrika ya Kusini nayo iliamua mwaka 2018 kwamba Kiswahili kiwe somo la hiari katika shule zake.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, huandikisha wataalamu wa Kiswahili na kutoa mafunzo ya kuwafundisha wageni lugha hii. Kwa miaka mingi pia walimu wa Afrika ya Mashariki walikwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mpango wa Fulbright. Mwalimu aliyechaguliwa hakununua nafasi yake. Aliomba, akahojiwa, na wenye mpango wakagharimia. Njia hizi zina masharti magumu, na nafasi zake si nyingi. Lakini ugumu wake uko mahali panapostahili, yaani katika kumpima mwalimu, wala hauko katika mfuko wa mzazi wake.

KAZI YETU SOTE

Mtu mmoja aliye na hamu ya kuondoka hawezi kujipima barua yake mwenyewe vizuri. Ndiyo maana twasema jambo hili si la kijana peke yake. Kabla mtu hajafika kwa Balozi wa nchi ya mbali, na aanzie kwa balozi wa nyumba kumi. Amwachie jamaa yake mwaminifu nakala ya pasipoti, ya viza, ya mkataba na ya tiketi, na jina la shule pamoja na anwani yake. Wapatane siku za kupigiana simu, na neno la siri la kusema kama mambo yameharibika na tajiri amesimama karibu. Akishafika, aandikishe jina lake katika ubalozi wetu wa huko, au ule unaohudumia nchi hiyo.

Chama cha Walimu, kupitia wawakilishi wake katika Tarime na Serengeti, chaweza kufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo: kuzisoma barua hizo pamoja na walimu kabla fedha hazijatoka. Maafisa elimu waweza kubandika katika ofisi za kata orodha ya mawakala walioandikishwa, maana mtu wa Kewanja hawezi kusafiri mpaka Dodoma kwa ajili ya kuuliza jina moja. Na wizara yenye dhamana ya kazi twaiomba iilete elimu hii vijijini, katika mikutano ya hadhara, kwa sababu walaghai wamekwisha kufika huko zamani.

Neno la mwisho ni kwa majirani. Aliyerudi mikono mitupu asichekwe. Kicheko cha kijiji ndicho kimfanyacho aliyetapeliwa kunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kumpatiako dalali mteja wa pili, wa tatu na wa kumi. Mtu huyo akisimama mbele ya wenzake akasema alivyolipa, alimlipa nani na aliambiwa maneno gani, ataokoa mazizi mengi.

Mwalimu aliyeuliza maswali haya yote akajibiwa, mwenye mkataba kamili, kibali mkononi na nauli iliyolipwa na mwenye kumhitaji, na aende kwa fahari. Nchi itajivunia kazi yake. Asiyejibiwa na angoje, na ng'ombe wa baba yake wabaki zizini.